Hela ya "yenu": jioni moja na watu wa yoti pale Utende

Siku ile maji yalijaa saa kumi na nusu jioni, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, na kila aliyekulia pwani anajua hapohapo maana yake, yani ikifika saa nne na nusu usiku ghuba ya Chole itakuwa imekupwa mpaka mbali huko na chombo chochote kilichoachwa juu kitabaki juu. Wageni wa yoti, zile boti za tanga za kusafiria, nao walijua, wana vitabu vya maji na kwenye simu wanaona kila kitu, ila wao walikuja kukaa nusu saa tu. Viboti vyao vitatu vya mpira wakaviburuta mpaka chini ya mti wa mkungu, injini zikiwa nyuma zimeinuliwa, wakaviacha hapo. Waliondoka saa saba usiku imeshapita.

Nimesita sana kukiandika hiki kisa maana mimi mwenyewe nimo ndani yake na neno lililoharibu lilipita mdomoni kwangu. Lakini yoti zimeanza kurudi pwani yetu, na hizi jioni za ghafla ufukweni zinatokea tena, watu wanakutana hakuna aliyealika wala aliyealikwa, na mimi naona tunaogopa vitu visivyo na madhara tukaacha mlango wazi kwa kile kinachotugombanisha kweli. Kwa hiyo naweka kisa kizima hapa, kilivyoanza mpaka kilivyoisha. Majina ya watu sitaji, wao wenyewe wanajijua na wamekubali niandike.

Kwa asiyepajua, Utende iko mashariki ya kisiwa cha Mafia, inatazamana na kisiwa kidogo cha Chole, katikati kuna ule mkondo wa bahari ambao mashua ya kivuko inavuka kutwa. Nyuma ya Chole kuna Juani, kusini zaidi Jibondo kwenye mafundi wa mashua. Yoti zinaingia ghubani kwa mlango wa Kinasi, na Kinasi maji yakiwa yanatoka yanakimbia kama mto, kwa hiyo mgeni anayejua kazi yake anangoja maji yajae na jua liwe juu ili aone miamba. Eneo lote hili liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia tangu 1995, mgeni analipia siku anazokaa, hilo watu wa yoti wanalijua na siku ile lilishamalizika kabla hawajashuka.

Kuna miaka tulikaa bila kuona mlingoti wa mzungu hapa. Wale maharamia wa Somalia waliharibu, na wengi wenu mtakumbuka Oktoba 2009 wanandoa wa Kiingereza walitekwa na yoti yao wakiwa wametoka Ushelisheli, safari yao ilikuwa ya kuja Tanzania, wakaachiwa Novemba 2010 baada ya zaidi ya mwaka mzima. Baada ya pale nani angekuja. Mashirika ya meli yalikuja kuifuta Bahari ya Hindi kwenye orodha ya eneo la hatari tarehe 1 Januari 2023, ndo tukaanza kuona tena moja, mbili, zinapanda na upepo wa kusi kutoka Msumbiji, Madagaska na Comoro.

Siku ile zilikuwa tatu kwa mpigo. Moja ya chuma, ya mume na mke Wafaransa watu wazima, walitoka Nosy Be huko Madagaska wakapitia Mayotte na ndani wana kijana wa Mayotte anawasaidia kazi za tanga. Ya pili katamarani ya familia ya Afrika Kusini, baba, mama na watoto wawili. Ya tatu kiyoti kidogo cha faiba cha Mjerumani mmoja mzee, peke yake kabisa, anapika mwenyewe, analala mwenyewe, anaamka kila baada ya muda kuangalia kama kuna meli mbele. Wenyewe kwa wenyewe walikuwa wamejuana siku mbili tu.

Walishuka kutafuta ndimu. Yani jioni nzima ile ilianzia kwenye ndimu. Yule mama Mfaransa alikuja kwenye meza yangu, mimi nauza vitumbua na chai pale karibu na kivuko, na Kiingereza ninacho maana nilifanya kazi jikoni hotelini miaka saba, akaniuliza ndimu anapata wapi. Kabla sijajibu Babu akaniuliza huyu anataka nini. Huyu Babu alikuwa nahodha wa jahazi enzi zake, amebeba nazi na boriti mpaka Unguja, Comoro kafika mara nyingi kuliko anavyokumbuka, sasa magoti hayamtaki lakini kila jioni yuko chini ya ule mkungu. Nikamwambia Babu, anataka ndimu. Akasema, ndimu ataletewa, kwanza akae, mtu ametoka baharini anaulizwa ndimu amesimama? Mtoto akapandishwa mnazini akaangua madafu.

Hapo ndo jambo la kwanza la kuliangalia. Babu alishafanya kitu, ameshakuwa mwenyeji. Hakuna aliyemteua, lakini aliyekalisha mgeni na kumpa maji ya kunywa ndiye mwenye shughuli, na wote tuliokuwepo tulilijua hilo bila kuambiwa. Wageni hawakulijua, walimuona mzee mmoja mkarimu amekaa kwenye gogo.

Kijana wa Mayotte alipopewa dafu lake akainama kwa adabu kabisa akamwambia Babu, marahaba.

Watu wakanyamaza. Mtoto wa miaka ishirini na kitu anamwambia marahaba mzee wa themanini, tena hajasalimiwa, kwetu ni kama amejiweka juu yake na kupokea shikamoo ambayo hakupewa. Mvuvi mmoja akaanza kuguna. Babu akacheka akapiga goti kwa kiganja, akasema mwacheni huyo, kwao huko Comoro marahaba ni ahsante, mimi mara ya kwanza kufika Moroni nilitaka kupigana na mtu kwa neno hilohilo. Basi ikawa ndo mlango. Kijana yule akaanza kutupa maneno ya kwao na sisi tunampa yetu, bahari ni bahari, maji ni maji, nyumba ni nyumba, karibu ni karibu, mengine hayafanani kabisa lakini ukisikiliza sana unaona ni ndugu aliyehamia mbali. Jua lilipozama popo wa Chole wakaanza kutoka, wale wakubwa wanaokula matunda, wanavuka juu ya maji kuja upande huu, akanyoosha mkono akasema hao na kwetu wapo. Na ni kweli, popo wale ni jamii moja na wa visiwa vya Comoro, bara ng'ambo hapo huwapati.

Samaki wakaja wenyewe. Ngalawa iliingia saa kumi na mbili kasoro, mvuvi ana kolekole wawili wakubwa na changu kadhaa, kama kilo saba hivi, kawaida angempa dalali wa Kilindoni mjini. Akaangalia pale chini ya mkungu, akaona wageni, akaona Babu, akawaweka wale samaki kwenye jani la mgomba akasema hawa wa wageni. Hakutaja bei. Hili naomba mlishike maana ndo moyo wa kisa.

Wanawake tukaingia kazini. Mwingine alileta unga akakanda chapati, mwingine muhogo wa nazi uliokuwa umeshaiva kwake wa chakula cha usiku cha watoto wake, mimi nikatoa sukari na majani, mchaichai ukachumwa. Samaki walichomwa kwa makumbi ya nazi, ndimu zikaja kapu zima. Yule mama wa Afrika Kusini alirudi chomboni kwake maji yakiwa bado yapo akaleta keki ya ndizi aliyooka mwenyewe, na Mjerumani alileta kopo la zeituni na kinanda kidogo cha mdomo, alipiga vizuri sana, watoto walimzunguka mpaka akachoka.

Sasa vile vitu watu wanavyoviogopa navyo vilitokea, vyote viwili. Baba wa katamarani alishuka na boksi la bia, wanaume wakawa ndo wanarudi kutoka kuswali magharibi. Nikamfuata pembeni nikamwambia kaka, hapa chini ya mkungu hapana, ukinywa kule chomboni kwako hakuna atakayekuuliza. Akasema samahani, akairudisha kibotini akaifunika na koti la mvua. Imeisha. Alafu mama Mfaransa aliweka sahani ya vipande vya soseji kavu pembeni ya samaki, na ile ilikuwa nguruwe. Mimi wala sikuiona, kijana wa Mayotte ndiye aliyeiona maana na yeye ni Muislamu, akaichukua kimyakimya akamnong'oneza bosi wake, yule mama akashika kichwa kwa aibu, akaja kuniomba radhi mara tatu. Nikamwambia hakuna aliyekula, hakuna aliyegusa, kaa tule. Nimesikia watu wakisema jioni kama hizi zinavunjika kwa pombe na nguo na vyakula. Mimi niliyekuwepo naona haya mambo ni mepesi kwa sababu yanaonekana. Bia unaiona, soseji unaiona, unasema hapana, mwenye adabu anaelewa.

Saa mbili usiku wakataka kuondoka, wakaangalia maji, maji hayapo. Mwezi ulikuwa umetoka mkubwa kabisa nyuma ya Chole na kuanzia kwenye viboti vyao mpaka mstari wa maji ilikuwa ni mchanga, tope, nyasi bahari, mawe, hatua mia tatu na zaidi, na bado yanatoka. Bamvua kama lile maji yanashuka mita tatu na ushee. Kiboti kimoja na injini yake ni kilo mia moja hivi. Mfaransa akataka tubebe sasa hivi, akaanza kuvua viatu, Babu akamzuia, akasema kule kwenye nyasi usiku kuna taa, yule samaki wa mwiba, amelala mchangani, ukimkanyaga utalia mpaka asubuhi. Maji hayafuatwi, yanarudi yenyewe. Kaeni.

Wakakaa. Na mimi nasema kama wangeondoka saa mbili ingekuwa ni jioni nzuri ya kawaida, lakini kule kupwelewa kulifanya watu waanze kuongea kweli. Watoto wao walilala kwenye mikeka na watoto wetu. Fundi mmoja wa Jibondo aliyekuwa amekuja kutengeneza mashua ya mtu alimuuliza Mfaransa swali hilo moja kwa nusu saa nzima, chombo cha chuma kinaozaje, Mfaransa akamuonyesha kwenye simu picha za kutu chini ya rangi, fundi akamueleza sisi mbao tunaziziba kwa kalafati ya pamba na mafuta, na chini tunapaka deheni, kila chombo kina ugonjwa wake. Mjerumani alifundishwa fundo wanalofungia tanga kwenye foromali, ule mti wake wa juu, na yeye akaonyesha la kwake, wakakuta ni lilelile limepinduliwa. Babu aliwahadithia Kua, ule mji ulioko magofu pale Juani, jinsi Wasakalava walivyokuja kwa mitumbwi yao kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 wakauvamia na kuchukua watu, akawaambia na nyie mmetoka hukohuko na upepo huohuo. Nilipotafsiri wale Wafaransa hawakusema kitu kwa muda. Alafu yule mama akasema, na bado umetupa madafu. Babu akajibu, mgeni njoo mwenyeji apone.

Saa tano Babu akachoka, mjukuu wake akamchukua. Wageni walikuwa wanaongea na fundi, hawakumuona akiondoka, na yeye hakutaka kuwakatisha. Mvuvi alishaenda kulala maana alfajiri anaingia baharini. Kina mama mmoja mmoja wakaondoka na masufuria yao. Ilipofika saa saba usiku maji yameanza kurudi tulibaki mimi, wageni, na vijana watatu wa boti waliosema watasaidia kubeba.

Wakabeba. Viboti vyote vitatu, kimoja kimoja, mpaka maji ya magotini, kazi ya saa nzima kasoro, na mmoja alijikata mguu kwenye jiwe. Cha mwisho kilipoelea mama Mfaransa akatoa noti kwenye mfuko wa plastiki, walikuwa wamechangishana wote watatu, shilingi laki mbili, akampa mkononi yule kijana mmoja anayejua Kiingereza kidogo, akasema maneno kwa Kiingereza ambayo maana yake ni hii ni kwa ajili yenu nyote, ahsanteni. Kijana hakusikia vizuri, injini ilishawashwa. Akaniuliza, shangazi anasemaje? Nikamwambia, anasema hii ni yenu.

Yenu.

Kijana akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona wenzake wawili wamelowa mpaka kifuani mmoja anatoka damu mguuni. Yenu ni nani? Ni sisi watatu. Pale pale majini wakagawana, wenzake elfu sitini sitini, yeye themanini kwa sababu ndiye mwenye boti. Mimi nilikuwa nimeshageuka kukusanya vikombe, sikujua hata kiasi. Alfajiri yoti ya Kifaransa na katamarani zikang'oa nanga na maji ya saa kumi na moja zikatoka Kinasi kwenda Dar. Mjerumani alibaki, ana kitu anatengeneza kwenye tanga.

Kabla ya adhuhuri Utende nzima inajua kwamba wazungu waliacha hela. Saa nne ilikuwa laki mbili, saa sita imekuwa laki tano, alasiri kuna mtu anaapa ilikuwa ni euro. Kijana ameshapeleka elfu sitini kulipa deni la mama yake dukani, na kulipa deni hadharani siku hiyohiyo ilikuwa ni kama kutangaza. Mvuvi aliporudi baharini akaambiwa. Hakupiga kelele. Alipita mbele ya meza yangu hakunisalimia, na huyu ni mtu tumesoma naye darasa moja.

Nilimfuata nyumbani kwake jioni. Aliniambia kitu nimekifikiria mpaka leo, kwamba yeye hadai hela ya samaki, samaki alitoa na angetoa tena, lakini kama hela ilikuwepo basi samaki wake hakutolewa bure, ameuzwa, na aliyemuuza ni mtu mwingine. Nilijaribu kumbishia nikashindwa. Kuna watu waliokuwa wanasema mbona huyu alitoa bure sasa anadai nini, hawajamuelewa. Zawadi ikitoka mkononi kwako ikafika kwa mgeni inabaki zawadi milele, lakini mgeni akilipia na malipo yakapita kwa mwingine, wewe uliyetoa umegeuzwa mtu aliyefanyishwa kazi bila kujua. Kilichomuuma ni hadhi yake, ile siku nzuri aliyokuwa ameitengeneza kwa mikono yake imechukuliwa maana.

Na vijana je? Hapa nasimama upande wao na nilisimama siku ileile. Hawakuiba. Walibeba kilo mia tatu kwenye tope saa saba za usiku, wakaambiwa na mtu mzima wanayemwita shangazi kwamba hii ni yenu. Kiswahili chetu kina nyie ya watu watatu waliosimama hapo na nyie ya mji mzima, neno ni moja, anayelisema ndo anatakiwa aseme ni ipi. Mimi nilisikia kabisa kwamba mama yule anamaanisha wote wa jioni ile, nikafupisha kwa sababu nilikuwa nimechoka na nataka kulala. Ningesema "ya wote waliokuwepo leo" kisa hiki kisingekuwepo. Maneno manne.

Ijumaa baada ya swala Babu akaita watu chini ya mkungu, mwenyekiti wa kitongoji akaja pia. Jambo la kwanza Babu alilotaka ni kumuuliza mwenye kutoa. Wengine waliona ni aibu, utamuulizaje mgeni hela yake ilikuwa ya nani, itaonekana tunagombana. Babu akasema tunagombana kweli, kwa hiyo haitaonekana tu, ulizeni. Mjerumani akaja na simu yake, akampigia mama Mfaransa kwa WhatsApp, walishafika Dar. Nikaongea naye mimi na spika imewashwa wote wanasikia. Akasema ilikuwa ya watu wote, wa samaki, wa chapati, wa kubeba. Nikamuuliza mbona ukampa yule. Akasema alidhani ndiye mkubwa wa ufukwe, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaongea nao.

Hilo nalo mlitazame vizuri. Babu alikaa nao saa sita, akawapa madafu, akawazuia wasiende kukanyaga taa, akawahadithia, na bado machoni pao mkubwa ni kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye Kiingereza cha kuunga unga. Simlaumu yule mama, ana moyo mzuri na alilia kwenye simu. Ila ndivyo inavyokuwa kila mahali pwani hii, mgeni anamfuata anayemuelewa, na heshima na hela zinapita kwa mwenye lugha, mwenye shughuli yuko nyuma kwenye gogo. Na sisi wenye lugha tunajua, mara nyingi tunanyamaza kwa sababu inatufaa. Nilinyamaza jioni nzima ile, nilitafsiri maneno yote ya Babu lakini sikuwahi kuwaambia, huyu ndiye mwenyeji wenu leo.

Tena kuna hili la kuaga. Kwetu mgeni anamuaga mwenyeji, mwenyeji anamsindikiza, na kama kuna kitu cha kutolewa kinatolewa pale, mbele ya watu, mchana au usiku. Jioni ya ghafla ilianza vizuri maana Babu aliifungua, lakini haikuwa na mtu wa kuifunga. Mwenyeji alishalala. Basi wageni walikuwa na shukrani mikononi na hawana wa kumuaga, wakaiweka kwenye mkono wa kwanza waliouona. Ningewaambia saa tano ile, Babu anaondoka, simameni mumuage, nadhani hela ingetoka palepale na watu wote wapo. Wapo waliosema kikaoni kwamba dawa ni kutopokea hela kabisa. Sikubaliani. Kubeba ni kazi, mguu ulichanika, na unga wa mtu mwenye watoto sita si kitu cha kusema ni ukarimu ukapita.

Mahesabu yalifanywa kwenye daftari la mjukuu wa Babu, la mistari ya mraba, yakasomwa kwa sauti. Samaki kilo saba kwa elfu nane, elfu hamsini na sita. Unga, mafuta, nazi, muhogo na sukari, elfu arobaini na mbili. Wabebaji elfu kumi na tano kila mmoja. Kinachobaki ni elfu hamsini na saba, hiyo ikasemwa iwe kamba ya kufungia mashua ya kivuko, maana iliyokuwepo imeoza na kila mtu anaipanda. Babu alipoulizwa madafu ni shilingi ngapi akasema madafu alishayanywa mgeni.

Vijana wawili walirudisha sitini zao zote wakapewa kumi na tano zao. Mwenye boti alikuwa na ishirini tu, ile sitini imeshaingia dukani, ukitoa haki yake akabaki anadaiwa elfu arobaini na tano. Hakuna aliyempigia kelele, alilipa kidogo kidogo mpaka mwezi wa kumi na moja. Mvuvi alikataa hela yake mara mbili, ya tatu Babu akamwambia chukua ili kesho mwingine asione haya kuchukua, akachukua. Mimi sikuchukua ya sukari, nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba neno nililifupisha mimi, na mama wa yule kijana ambaye siku mbili watu walimuangalia kama mama wa mwizi nilimfuata kwake kando.

Mwezi wa kumi na mbili upepo ulishageuka, kaskazi imetulia, ikaingia yoti ya watu wawili inashuka kwenda Msumbiji. Wakakaa jioni chini ya mkungu, chai, vitumbua, hadithi, sio kubwa kama ile. Kabla ya kitu chochote niliwapeleka kwa Babu nikawaambia huyu ndiye mwenyeji wenu hapa, mkiondoka mtamuaga yeye. Maji yalikuwa mafu siku hizo, hayajai wala kutoka sana, viboti havikupwelewa. Saa tatu wakasimama kumuaga, yule mwanaume akatoa noti, Babu akanitazama akasema, muulize ya nani na ya nini. Nikauliza. Akafikiri kidogo, akasema ni ya yule mama aliyewapa ndimu. Mjukuu akafungua daftari akaandika, ndimu, elfu tatu, akamwita bi mkubwa wa ndimu aje mwenyewe achukue.